Poli au Mono? Ulinganisho wa Paneli za Sola kwa Anayefunga Dodoma

Nianze na jibu, maana wengine mnasoma haya mkiwa tayari mmesimama dukani. Kama unajenga Iyumbu, Nzuguni au Mtumba na bado hujanunua chochote, chukua mono, yaani paneli nyeusi ambayo kila seli yake ni fuwele (kristali) moja ya silikoni. Kama juu ya bati lako kuna paneli za bluu za miaka iliyopita, yaani poli, ambazo kila seli ina fuwele nyingi, na unataka kuongeza mbili, au una shamba Bahi na mtu anakuuzia poli nzima kwa bei ambayo mono haiigusi, jibu linaweza kugeuka.

Mengi yanayosemwa madukani kuhusu paneli hizi, kwamba poli inapenda joto, kwamba mono inavuta umeme hata kivulini, ni maneno ya kupokezana. Tofauti ya kweli ilizaliwa mapema zaidi, siku silikoni ilipokuwa inaganda ndani ya tanuru. Ukilielewa tanuru, hutahitaji kumwamini muuzaji wala mimi. Kwa hiyo tutakaa huko kwanza, halafu turudi kwenye bati.

Kutoka jiwe hadi silikoni safi

Malighafi ni kwatzi. Ndizo zile chembe angavu unazoziona kwenye mawe ya granaiti ya vilima vya Dodoma. Kwatzi ni silikoni iliyoshikana na oksijeni, na kuziachanisha ni kazi ya moto mkali: kwatzi inachanganywa na makaa na vipande vya mbao kwenye tanuru la umeme, joto linapanda hadi nyuzi 1,900 hivi, kaboni inaipokonya oksijeni na kuondoka nayo ikiwa gesi. Silikoni inabaki chini ikiwa imeyeyuka. Kilo moja inakula yuniti 11 hadi 13 za umeme, yuniti hizi hizi tunazonunua kwa LUKU.

Silikoni hiyo ni safi kwa asilimia 98 au 99. Kwa kuchanganya na alumini inatosha. Kwa sola haifai kitu. Inabidi igeuzwe kuwa kimiminika kinachoitwa triklorosileni, ambacho huchemka kwenye nyuzi 32 tu. Mchana wa Novemba hapa Dodoma kingekaribia kuchemka chenyewe mezani. Urahisi huo wa kuchemka ndio unaokifaa kiwanda, kwa kuwa kimiminika kinageuzwa mvuke na kurudishwa tena na tena mpaka uchafu ubaki nyuma. Kisha mvuke safi, pamoja na haidrojeni, unapitishwa kwenye fito za silikoni zenye joto la nyuzi 1,100 hivi, na silikoni inajijenga juu ya fito polepole kwa siku kadhaa. Njia hii ilitengenezwa na Siemens ya Ujerumani miaka ya 1950, na mpaka leo ndiyo inayotawala. Kinachotoka ni mapande ya kijivu ambayo, kwenye viwanda bora, yana atomu ngeni isiyozidi moja hivi katika bilioni.

Huwa naulizwa kwa nini tusitengeneze hapa, kwatzi tunayo. Kwatzi ndiyo sehemu rahisi. Hatua ya kusafisha peke yake hutumia yuniti 50 na zaidi kwa kilo. Kiwanda cha tani 50,000 kwa mwaka, ukubwa ambao China ni wa kawaida, kwa yuniti 60 kwa kilo kingehitaji megawati kama 340 usiku na mchana bila kukatika. Bwawa la Julius Nyerere lote, mashine zote zikizunguka kwa nguvu kamili, ni megawati 2,115. Piga hesabu mwenyewe.

Hadi hapa hakuna poli wala mono. Mapande yale yale ya kijivu yanaweza kwenda upande wowote.

Tanuru la poli

Kwa poli, mapande yanapangwa kwenye chungu kikubwa cha mraba cha silika. Ndani kimepakwa unga wa nitridi ya silikoni ili silikoni isigandamane na ukuta. Vyungu vilivyoenea sana vilibeba kama kilo 450, baadaye vikakua hadi kilo 800 hivi. Inaongezwa boroni kidogo sana ili silikoni ipate tabia ya umeme inayotakiwa, tanuru linafungwa, gesi ya agoni inaingizwa, na kila kitu kinayeyuka kwenye nyuzi 1,414.

Kuyeyusha si tatizo. Kazi yote iko kwenye kugandisha. Joto linaondolewa kupitia kitako cha chungu peke yake, hivyo silikoni inaanza kuganda chini na ukingo wa ugandaji unapanda kwa mwendo wa sentimita moja na kidogo kwa saa. Ukijumlisha kupasha, kuyeyusha, kugandisha na kupoza, tanuru moja linashikiliwa siku mbili hadi tatu.

Kwa nini kuanzia chini? Kwanza, silikoni ni kama barafu: ikiganda inatanuka. Juu kukitangulia kuganda, kimiminika kilichofungiwa katikati kitapasua kila kitu kikitafuta nafasi. Pili, na hili ndilo lenye thamani zaidi, uchafu hupenda kubaki kwenye kimiminika. Chukua chuma, adui mkubwa wa seli ya sola. Kiwango kinachokubali kuingia kwenye silikoni iliyoganda hakifiki moja ya laki moja ya kile kilichomo kwenye kimiminika kilicho juu yake. Basi ukingo wa ugandaji unapopanda, unafagia chuma na wenzake kwenda juu. Mwishoni tabaka la juu lililobeba takataka linakatwa na kutupwa pembeni. Ugandishaji wenyewe unakuwa usafishaji wa mara ya mwisho, bure kabisa, ndiyo maana poli iliweza kuvumilia malighafi yenye usafi pungufu kidogo.

Ila chungu chenyewe nacho si kisafi. Silikoni iliyogusana na kitako na kuta kwa saa nyingi inafyonza chuma kutoka humo, hivyo pembeni na chini pia kunakatwa. Chungu hupasuka kinapopoa. Kimetumika mara moja, kimekwisha.

Sasa ndipo inapoingia sababu ya jina. Kwenye kitako, ugandaji hauanzii mahali pamoja. Unaanza kila mahali kwa wakati mmoja, na kila punje ya fuwele inaelekea upande wake. Punje hizi zinapanda juu kama nguzo zilizobanana, na kati ya nguzo na nguzo unabaki mpaka ambapo mpangilio wa atomu umevurugika. Ukiitazama paneli ya poli kwa karibu kwenye jua, yale mabaka ya bluu iliyokoza na bluu iliyopauka ni nguzo hizo zilizokatwa kwa ubapa.

Mabaka yenyewe hayadhuru. Kinachodhuru ni mpaka. Mwanga ukigonga silikoni unaing'oa elektroni, na elektroni hiyo ina muda mfupi mno wa kufika kwenye vile vijia vya fedha vilivyochapwa juu ya seli kabla haijamezwa. Kwenye mipaka, na kwenye nyufa ndogo za mpangilio wa atomu ambako chuma hupenda kujikusanya, humezwa haraka. Kwa miaka mingi watengenezaji waliamini dawa ni kukuza punje kubwa iwezekanavyo ili mipaka ipungue. Ikaja kuonekana, Taiwan ikiwa mbele kwenye kazi hiyo miaka ya 2010, kwamba kinyume chake ndicho bora: anza na punje ndogo ndogo zinazolingana, na zile nyufa hatari hazitapata nafasi ya kuenea kutoka chini hadi juu. Mbinu hiyo iliongeza ufanisi na kuiongezea poli miaka ya kuishi sokoni.

Mche uliotoka kwenye chungu unakatwa matofali, 25 au 36 kulingana na ukubwa wa chungu, na kila tofali linakatwa slesi zenye unene wa milimita 0.18 au chini ya hapo. Slesi moja, seli moja. Kwa kuwa chungu ni cha mraba, seli nazo ni za mraba kamili, bila pembe iliyopotea.

Tanuru la namna hii halihitaji mtu wa kulichungulia kila dakika, linatoa kilo nyingi kwa mara moja, na kwa kila kilo linakula umeme kidogo kuliko la mono. Ndiyo maana hadi kwenye mwaka 2016 hivi zaidi ya nusu ya paneli za dunia zilikuwa poli, na ndiyo maana paneli za zamani unazoziona kwenye zahanati na shule za vijijini kuanzia Chemba hadi Mpwapwa mara nyingi ni za bluu.

Tanuru la mono

Hapa nitakwenda haraka. Chungu ni cha duara. Silikoni ikishayeyuka, ufito mwembamba wa fuwele moja, unaoitwa mbegu, unashushwa mpaka uguse uso wa kimiminika, halafu unavutwa juu taratibu, milimita moja hivi kwa dakika, huku ukizungushwa. Kila atomu inayoganda inajipanga kwa kufuata mbegu. Linatoka gogo la mviringo lenye urefu wa mita mbili na zaidi, fuwele moja tupu, halina mpaka hata mmoja ndani yake. Aliyegundua mbinu hiyo ni Jan Czochralski, Mpoland aliyekuwa akifanya kazi Berlin mwaka 1916. Inasimuliwa kwamba alichovya kalamu kwenye madini ya bati yaliyoyeyuka akidhani ni wino.

Gharama yake ni umeme mwingi, uangalizi wa karibu, na gogo la mviringo ambalo lazima lichongwe ili likaribie mraba. Zile pembe zilizokatwa kwenye seli za mono za zamani, zinazoacha kialmasi cheupe katikati ya kila seli nne, ndizo alama ya gogo. Mono ilikuwa na ugonjwa wake pia. Chungu cha silika kinayeyuka kidogo kidogo na kuingiza oksijeni kwenye gogo, oksijeni ikikutana na boroni na mwanga wa jua, paneli inapoteza asilimia 2 au 3 ya nguvu mwanzoni tu mwa maisha yake. Poli, yenye oksijeni kidogo, iliumwa kidogo. Hiyo ilikuwa hoja halali ya wapenzi wa poli mpaka watengenezaji walipoacha boroni na kutumia galiamu, kwenye mwaka 2020 hivi. Hoja ikafa.

Poli haikuuawa na kitu kimoja. Kati ya 2015 na 2018 viwanda viliacha kukata slesi kwa waya na matope ya kusagia, vikahamia waya wenye chembe za almasi. Mono ikanufaika mara moja. Slesi za poli zikatoka laini mno, na tindikali iliyokuwa ikitumika kukwaruza uso ili unase mwanga ikawa haishiki. Ikabidi iongezwe hatua nyingine, nayo ina gharama. Mono haikwaruzwi na tindikali. Inachovywa kwenye magadi makali yanayochonga vipiramidi vidogo uso mzima, jambo linalowezekana kwa sababu fuwele yote inaelekea upande mmoja. Vipiramidi vinanasa mwanga, na ndiyo maana mono ni nyeusi. Wakati huo huo ikaja teknolojia ya PERC, tabaka la nyuma linalorudisha mwanga na kuzuia elektroni zisipotee, ambayo huizawadia zaidi silikoni iliyo bora. Kampuni kama LONGi ya China zikamwaga mtaji kwenye mono, zikajifunza kujaza chungu upya bila kuzima tanuru, na bei ikaporomoka.

Mwaka 2017, maabara ya Fraunhofer ISE ya Ujerumani ilifikisha seli ya poli asilimia 22.3. Mwaka huo huo Kaneka ya Japani ilikuwa na ya mono kwenye 26.7. Viwanda vikubwa vilishaona njia inakoelekea, na leo karibu vyote vimeachana na poli.

Kwa mnunuzi wa Dodoma hilo lina maana moja nzito: paneli kubwa ya poli unayouziwa leo mara nyingi ama imekaa ghalani muda mrefu, ama imetumika kwingine ikavuliwa. Vile vidogo vya wati 20 au 50 ni habari nyingine, bado vinatengenezwa kwa seli za kukatwa, na kwa kuchaji simu na taa tatu havina neno.

Zikipanda juu ya bati

Tuzilinganishe paneli mbili za kawaida, jinsi lebo zake zinavyosomeka:

| | Poli ya seli 72 | Mono PERC |
|---|---|---|
| Wati | 330 | 550 |
| Ukubwa | m 1.96 × 0.99 | m 2.28 × 1.13 |
| Ufanisi | 17% | 21% |
| Inapoteza kwa kila nyuzi 1 juu ya 25 | 0.41% | 0.35% |
| Volti bila mzigo | 46 | 50 |
| Ampea za juu kabisa | 9 | 14 |
| Uzito | kilo 22 | kilo 28 |

Joto kwanza, kwa kuwa ndilo linaloongoza kwa uongo. Wati za kwenye lebo zimepimwa seli ikiwa na nyuzi 25. Juu ya bati la Dodoma saa saba mchana mwezi wa Oktoba seli inafika nyuzi 60 hadi 65 kirahisi. Kwa nyuzi 65, poli inapoteza asilimia 16.4, mono 14. Yaani mfumo wa wati 1,000 kwenye lebo unabaki na 836 ukiwa poli, 860 ukiwa mono. Anayesema poli inapenda joto amegeuza mambo juu chini, lakini anayekutisha uache poli kwa sababu ya joto naye anakuza: wati 24 ni balbu mbili tatu za LED. Kuna paneli mpya zaidi za mono, zinazoandikwa TOPCon, ambazo hupoteza kama 0.30 kwa nyuzi, hizo zingebaki na 880. Hata hivyo, ukiacha upenyo wa sentimita 10 kati ya paneli na bati upepo upite, utapata faida kubwa kuliko hiyo tofauti ya poli na mono. Na mafundi wengi hapa bado wanalaza paneli juu ya bati kama mkeka.

Kivuli hakihusiani na fuwele hata kidogo. Kinachoamua ni dayodi zilizo kwenye kisanduku cha nyuma, zinazoupitisha umeme pembeni ya seli zilizofunikwa, na namna seli zilivyounganishwa. Mono za kisasa zina seli zilizokatwa nusu na paneli imegawanywa juu na chini, kwa hiyo kivuli cha mwarobaini kikifunika nusu ya chini, ya juu inaendelea. Lakini hiyo ni sifa ya muundo wa paneli, si ya mono kama mono. Na tafadhali, simtanki lisiwe upande wa kaskazini wa paneli. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba jua la saa sita liko kaskazini mwetu, na kivuli cha tenki kitakulia umeme miezi yote hiyo. Paneli zielekee kaskazini pia, mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, ili hata vumbi la kiangazi likiloweshwa na mvua ya kwanza literemke lenyewe. Vumbi halichagui poli wala mono.

Nafasi ndiyo inayoamua. Ukitaka wati 3,300, poli zitakuwa kumi na zitachukua mita za mraba 19.4. Mono ni sita, mita za mraba 15.5. Tofauti hiyo ya robo huionekani dukani. Unaiona juu ya paa, kwenye reli zaidi, klampu zaidi, waya zaidi, na matundu zaidi ya skrubu kwenye bati, ambayo kila moja ni mlango wa mvua ya Januari. Eneo likiwa kubwa upepo nao unapata pa kushika, na upepo wa Dodoma unaujua. Mono ina tatizo lake: kitu cha kilo 28 chenye urefu wa mita 2.3 hakipandishwi na fundi mmoja kwenye ngazi, na kenchi nyembamba za mbao zikaguliwe kwanza.

Shambani mambo hubadilika. Kwa pampu ya kisima Bahi au Chamwino, ambako paneli zinasimama chini kwenye stendi na ardhi haikusumbui, eneo linapoteza uzito na bei kwa kila wati inapata nguvu. Pampu haijui umeme umetoka kwenye fuwele moja au elfu. Lakini stendi za chuma na zege nazo zitaongezeka kwa robo ile ile, hivyo kipimo changu ni hiki: poli ikiwa na bei ya wati iliyo chini ya mono kwa asilimia 15 au zaidi, na imepita ukaguzi, ichukue. Ikiwa pungufu ya hapo, chuma kitakula faida yote.

Kuhusu uzee: dhamana za poli za miaka 25 ziliahidi paneli ishuke kwa asilimia 0.7 hivi kwa mwaka, za mono PERC 0.55, na TOPCon 0.4. Dhamana ina maana kama aliyekuuzia atakuwepo.

Ukaguzi wa tepu na mita

Beba tepu ya fundi. Pima urefu na upana wa paneli kwa mita, zidisha, kisha zidisha kwa 1,000. Hizo ndizo wati za jua zinazoigonga kwenye kipimo cha kiwandani. Gawanya wati za lebo kwa namba hiyo. Mfano: paneli ya mita 1.64 kwa 0.99 ni mita za mraba 1.62, yaani wati 1,620 za jua. Lebo ikisema 250, ufanisi ni asilimia 15.4, poli halali. Lebo ya paneli ya ukubwa huo huo ikisema 400, ni asilimia 24.7, na hakuna poli inayouzwa duniani yenye namba hiyo. Geuka uondoke. Kwa poli kubwa tarajia 15 hadi 18, kwa mono 19 hadi 23. Paneli ndogo hushuka zaidi kwa sababu fremu inakula eneo.

Rangi haitoshi kama ushahidi. Mono za sasa zimetokana na magogo manene, pembe zake zimekatwa kidogo sana hata huzioni kwa mbali. Tazama mabaka: yakiwepo ni poli, rangi ikiwa moja uso mzima ni mono.

Paneli iliyotumika iweke juani saa sita, uipime ampea kwa mita ya umeme (multimita), waya zake mbili ukiziunga moja kwa moja kwenye waya za paneli. Poli ya ampea 9 kwenye jua safi la Dodoma ikikupa 6, imechoka au imepasuka seli ndani. Angalizo: mita nyingi za mkononi zinaishia ampea 10, kwa hiyo usiijaribu hivyo paneli ya mono ya ampea 14, utaunguza fyuzi; tumia mita ya klampu ya DC, ile inayoukamata waya kwa nje. Geuza paneli uone mgongo: plastiki nyeupe iliyogeuka manjano, au yenye nyufa, unyevu utaingia masika yajayo.

Ukiongeza kwenye za zamani

Hapa ndipo poli inaposhinda kihalali, na ndipo watu wengi wanapoteza hela.

Paneli zikifungwa kwa mfululizo, ampea za mstari mzima zinafuata iliyo dhaifu. Ukiiunga mono ya ampea 14 kwenye mstari wa poli za ampea 9, umelipia wati 550 na unapata kama 360. Zikifungwa sambamba, volti ndizo zinazotakiwa kukaribiana, na 46 kwa 50 zinavumiliana bila hasara kubwa, mradi kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri, inazibeba ampea zote.

Halafu angalia kontrola ni ya aina gani. Ile ya PWM, iliyo kwenye mifumo mingi ya zamani, inaivuta paneli ishuke hadi volti za betri. Kwenye betri ya volti 24 inayochajiwa kwa 27, mono ya wati 550 inatoa ampea 13 mara volti 27, yaani wati 350. Poli ya 330 inatoa ampea 8.8 mara 27, wati 238. Kwa kila wati uliyolipia, poli imekupa asilimia 72 na mono 64. Mwenye PWM asilinganishe bei ya wati, alinganishe bei ya ampea, na mara nyingi poli mbili za ukubwa ule ule wa za zamani ndizo zitakazomfaa.

Kama umeshaamua kununua mono, usizilazimishe zikae mstari mmoja na za bluu. Ziwekee kontrola yake ya MPPT, aina inayoiacha paneli ifanye kazi kwenye volti zake yenyewe badala ya kuivuta hadi za betri, na kontrola zote mbili zichaji betri ile ile. Ya ampea 40 kwenye volti 24 inamudu wati 1,080, kwa hiyo mono mbili za 550 zinaitosha. Volti za kuchaji ziwekwe sawa kwenye kontrola zote mbili, na kila moja iwe na fyuzi yake kabla ya kufika kwenye betri.